Waliotumwa Wanaporudi Nyumbani



Padre wetu ametuomba tuandike machache katika gazeti hili juu ya jambo lililo midomoni mwa watu wengi mtaani kwetu wakati huu, yaani kurudi nyumbani kwa mwinjilisti wetu na mkewe. Wote mnakumbuka kwamba miaka minne iliyopita walipiga magoti mbele ya madhabahu, Padre akawaombea, nasi tukawatuma kwenda kukaa na ndugu zetu wafugaji wa Kisukuma waliohamia upande wa Liwale. Mungu akipenda, watafika kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, nao watakaa nasi wiki sita. Hii itakuwa mara yao ya kwanza kuja wote wawili pamoja.

Somo letu ni Matendo ya Mitume, sura ya 14, mstari wa 26 hadi wa 28. Tafadhali lisome kwanza katika Biblia yako, kisha urudi kwenye ukurasa huu.

Umesoma? Basi tuendelee.

Paulo na Barnaba wamemaliza safari yao ya kwanza. Antiokia ya Pisidia walifukuzwa, Ikonio walikimbia, na huko Listra Paulo alipigwa mawe akaburutwa nje ya mji, watu wakidhani amekwisha kufa. Sasa wanapanda chombo Atalia na kurudi Antiokia ya Shamu, kwa kanisa lile lile lililowawekea mikono na kuwaacha waende. Wanapofika, jambo la kwanza wanalolifanya ni kulikusanya kanisa. Sisi tuliozeeka katika kusahihisha madaftari tuna tabia ya kuangalia maneno madogo, na hapa neno dogo lina maana kubwa. Luka hasemi kwamba walikwenda kuonana na wazee wa kanisa chemba, wala kwamba walipeleka hesabu kwa mtunza hazina. Kanisa zima lilikusanywa, likaketi, likasikiliza. Nao walisimulia kazi ambayo Mungu aliifanya akiwa pamoja nao, na jinsi alivyowafungulia watu wa mataifa mlango wa imani. Kisha Luka anaongeza kwamba walikaa pale na wanafunzi kwa muda usio mfupi. Hawakuhutubu Jumapili moja, wakala wali, wakaondoka.

Siku hizi tukisikia mtu wa misheni anakuja nyumbani, husema amekuja likizo. Neno hilo linapotosha kidogo. Mwalimu akienda likizo hufunga darasa, huweka chaki kabatini, wala hakuna mtu wa kumwuliza habari za hesabu za kugawanya mpaka shule ifunguliwe. Lakini mmisionari akirudi nyumbani, kazi humfuata njiani. Anatakiwa asimame katika kila kanisa na kusema neno, amtembelee kila aliyetoa shilingi, aonane na ndugu wa baba na ndugu wa mama, aende kuhani misiba yote iliyotokea akiwa hayupo, akang'olewe jino, atafute nguo za watoto, na kila jioni ajibu maswali yale yale. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa siyo wageni, ni watoto wetu, lakini jembe tunawangojea nalo stendi ya basi.

Bwana wetu hakufanya hivyo. Katika Marko 6:30-32 tunasoma jinsi wale Thenashara walivyorudi kwake na kumweleza yote waliyoyatenda na kuyafundisha. Naye alipoona watu wanakuja na kutoka hata mitume hawapati nafasi ya kula, aliwaambia waende naye kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo. Kweli umati uliwafuata hata huko, lakini nia ya Bwana tunaiona wazi.

Sasa tutoe mfano wa watu waliotumwa katika siku zilizo karibu zaidi nasi, maana habari zao zinatuhusu sisi Waanglikana wa upande huu kuliko wengi wanavyodhani.

Robert Moffat alizaliwa Uskoti mwaka 1795, akajifunza kazi ya bustani. Mwaka 1816 alisafiri kwenda Afrika Kusini akiwa ametumwa na Chama cha Misheni cha London. Mchumba wake, Mary Smith, alikuwa binti wa yule bwana mwenye bustani aliyemfanyia kazi karibu na Manchester. Wazazi wa Mary walikataa kwanza asiende. Mwishowe walikubali, naye akavuka bahari kumfuata, wakaoana Cape Town mwezi wa Desemba 1819. Hawakuwa Waanglikana, lakini tuwavumilie, maana babu zetu katika imani wanatoka nyumba nyingi. Makao yao yalikuwa Kuruman, kwa Watswana.

Miaka ilipita bila mavuno. Watu walikuja kutazama, wakacheka, wengine wakaukata mfereji wa maji uliokwenda kwenye bustani ya misheni. Huko Uingereza baadhi ya waliotoa fedha wakaanza kuulizana kama inafaa kuendelea. Katika miaka hiyo rafiki mmoja alimwandikia Mary kutoka Uingereza akimwuliza apelekewe zawadi gani. Mwanamke mwingine angeomba blanketi, au sukari, au dawa ya homa, na hakuna ambaye angemlaumu. Mary aliomba vyombo vya Ushirika Mtakatifu. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Pale Kuruman hapakuwa bado na dalili ya watu watakaoikaribia meza ya Bwana, na huyu mama anaagiza kikombe na sahani! Vyombo vilikaa njiani muda mrefu, kama ilivyokuwa kwa kila kitu siku zile. Mwaka 1829 mioyo ikaanza kufunguka, watu wa kwanza wakabatizwa, na vyombo vile vikafika kabla tu ya Ushirika wa kwanza kuadhimishwa. Waliobatizwa walikuwa 6.

Sita, baada ya karibu miaka kumi tangu waoane. Tunaomba wasomaji waiweke hesabu hiyo kichwani, maana tutairudia.

Mwaka 1838 Robert alimaliza kulitafsiri Agano Jipya katika Kitswana. Cape Town hakupata mtu wa kulipiga chapa, basi mwaka 1839 wakasafiri wote kwenda Uingereza pamoja na watoto wao. Kabla hawajafika mbali Mary alijifungua mtoto wa kike chomboni, na baada ya siku chache mtoto wao wa kiume, James, mwenye umri wa miaka 6, akafariki. Hivyo ndivyo walivyorudi nyumbani: na kitabu ambacho bado hakijachapwa, na mtoto mchanga, na msiba. Tangu 1819 Mary alikuwa hajauona uso wa baba yake.

Waliowapokea walimwona shujaa. Kila mji ulimtaka Robert ahutubu. Agano Jipya lilichapwa London mwaka 1840, nao walitaka kurudi upesi Kuruman, lakini watu hawakuwaachia, wakakaa mpaka Januari 1843. Tunadhani Mary alichoka na mikutano hiyo kuliko alivyochoka na magari ya ng'ombe.

Lakini katika mikutano na mazungumzo hayo yalipatikana mengi. Alikuwako London kijana mmoja Mskoti aliyekuwa akisomea udaktari na kazi ya misheni. Tangu umri wa miaka 10 alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha pamba. Alikuwa amejiandaa kwenda Uchina, lakini vita ya kasumba iliyoanza mwaka 1839 ilimfungia njia. Moffat alipofika katika nyumba ile ya kupanga walimokaa wanafunzi wa misheni, kijana huyu alimwendea na kumwuliza kama yeye angefaa kwa kazi ya Afrika. Moffat akamweleza habari za nchi kubwa ya kaskazini, ambako asubuhi na mapema alikuwa ameona moshi wa vijiji vingi sana ambavyo hakuna mmisionari aliyekwisha kuvifikia. Kijana yule alikuwa David Livingstone. Alisafiri Desemba 1840, na mwaka uliofuata akafika Kuruman.

Angalieni kwamba neno hilo lililobadilisha mambo mengi lilisemwa nyumbani, katika maongezi ya watu wawili, na aliyekuwa akisimulia alikuwa na nafasi ya kuulizwa na kujibu. Hotuba ni nzuri, nasi hatuzidharau. Lakini mwalimu yeyote atakuambia kwamba mwanafunzi hujifunza zaidi pale anapouliza.

Livingstone alimwoa binti mkubwa wa Moffat mwezi wa Januari 1845. Naye jina lake ni Mary, kama mama yake. Hapo inaanza habari ya kurudi nyumbani mara ya pili, na hiyo tunaisimulia kwa huzuni.

Mary Livingstone alizaliwa Afrika mwaka 1821. Alifundisha shule ya watoto wadogo huko Kolobeng, akavuka jangwa la Kalahari na watoto wake kwa gari la ng'ombe, na mwaka 1850 akazika mtoto mchanga. Mwaka 1852 mumewe alitaka kutafuta njia ya kuingia ndani ya bara, akaona hatari ya kwenda na familia, basi akawapakia Mary na watoto wanne chomboni Cape Town warudi nyumbani. Lakini nyumbani kwa nani? Uingereza aliijua kwa ile miaka michache tu aliyokaa huko na wazazi wake. Alifikia kwa wakwe zake Uskoti. Hawakupatana, akaondoka na watoto. Baada ya hapo akawa mtu wa kuhama, leo chumba cha kupanga katika mji huu, kesho mji mwingine, akiwaandikia wakuu wa Chama kuomba fedha za matumizi. Mumewe alikuwa amesema miaka miwili. Ikawa minne na nusu.

Wakati huo huo jina la mumewe lilikuwa likikua. Alivuka bara kutoka Luanda mpaka Quelimane, na magazeti yakaandika. Alipofika Uingereza mwezi wa Desemba 1856, baba yake mzazi alikuwa amefariki mwezi wa Februari mwaka ule ule. Mwanawe mdogo, aliyemwacha akiwa mtoto wa kunyonya, sasa alikuwa na miaka 5, hawezi kumkumbuka baba yake kwa sura.

Nchi nzima ilimshangilia. Tarehe 4 Desemba 1857 alihutubia chuo kikuu cha Cambridge, akawaambia wasomi vijana kwamba yeye anarudi Afrika kujaribu kufungua njia, nao waiendeleze kazi hiyo. Kwa mwito huo kilizaliwa Chama cha Misheni cha Vyuo Vikuu, kile ambacho wazee wetu walikiita kwa herufi tu, UMCA. Mwaka 1861 Askofu Mackenzie alikuja nacho mpaka nchi ambayo leo ni Malawi, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1864 Askofu Tozer akakihamishia Unguja. Mwaka 1876 Askofu Steere akawaleta Masasi wale waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyebatizwa Masasi au Newala, na vile vile wenzetu wa Magila na wa Mkunazini, ni mtoto wa kurudi nyumbani kule. Kama Moffat asingerudi, Livingstone hangekuja Kuruman. Na kama Livingstone asingerudi, wale wa Cambridge wangeendelea na vitabu vyao.

(Tuseme hapa kwa kupita kwamba UMCA kilipendelea wamisionari wasio na ndoa. Wazee wetu walizoea kumwona Padre peke yake na masista wa hospitali peke yao. Labda ndiyo sababu mpaka leo sisi wa upande huu tunajua sana kumwuliza mtumishi habari za kazi, lakini habari za mkewe na watoto wake hatujui tuanzie wapi.)

Turudi kwa Mary. Kumbi zilizojaa watu kumsikiliza mumewe hazikujaa kumsikiliza yeye, ingawa angaliweza kusimulia mambo ambayo mumewe asingeyajua kamwe. Mumewe mwenyewe aliandika kwamba imani ya mkewe ilipita katika giza. Mwaka 1858 walisafiri pamoja tena, lakini Mary alikuwa mja mzito akalazimika kubaki, na baadaye akarudi Uskoti kwa watoto. Mapema mwaka 1862 alimfuata mumewe mpaka mto Zambezi. Hazikupita hata miezi minne. Tarehe 27 Aprili alifariki kwa homa mahali panapoitwa Shupanga, huko kwa jirani zetu wa Msumbiji, akazikwa chini ya mbuyu.

Hatusemi haya ili kumhukumu Daktari Livingstone. Wamekwisha mhukumu wengi, na wengi wamemsifu, naye sasa yu mbele ya Hakimu wa kweli. Tunayasema kwa sababu ya Wakristo wa nyumbani. Walikuwa na miaka minne na nusu ya kuwa Antiokia kwa mwanamke yule na watoto wake, na kwa sehemu kubwa nafasi hiyo ilipita. Waliomshangilia mtu wa safari hawakuwa watu wabaya. Walitoa sadaka, waliomba, waliimba. Walipenda habari za mto na za simba, na habari za mama anayetafuta chumba cha kupanga hazikuwavutia.

Basi tuje kwetu.

Barua ya mwinjilisti wetu iliyosomwa kanisani mwezi wa Agosti ilisema kwamba waliobatizwa ni 9, na wanaojiandaa kwa ubatizo ni 14. Tangu siku hiyo tunasikia manung'uniko. Wengine wanasema bei ya korosho haitabiriki, mabati ya kanisa yanavuja, na changizo la kila mwezi ni mzigo; kisha wanauliza, je, yote haya kwa watu 9? Halmashauri ya Mtaa itakaa mwezi wa Januari kuamua kama changizo hilo liendelee. Hatutaki kuingilia kazi ya Halmashauri. Ila tunaomba wajumbe wake wazisikie habari zenyewe kutoka kinywani mwa waliokuwako, kabla ya kuipigia kura barua ya ukurasa mmoja.

Hesabu si dhambi. Fedha ile ni ya wajane na ya wakulima, na aliyetumwa lazima aieleze. Hata Paulo alikuwa mwangalifu mno katika fedha za changizo, kama tunavyosoma katika 2 Wakorintho 8:20-21. Lakini Bwana, wale sabini waliporudi wakifurahia ushindi wao, aliwageuzia furaha yao upande mwingine, wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10:17-20). Tisa kwa miaka minne si haba ukikumbuka Kuruman. Wala hatuahidi kwamba tisa hao watakuwa tisini. Huenda wakabaki tisa. Huenda wawili kati yao wakahama na ng'ombe wao masika ijayo, maana wafugaji huenda kuliko na majani, na mwinjilisti wetu akabaki na saba. Je, tukisikia hivyo tutasema kwamba Mungu hakuwa pamoja nao?

Ingefaa tuanze kwa maswali ya aina nyingine. Maji wanachota wapi? Mvua ikikata njia, wakiugua huenda kwa nani? Huyu ni mtoto wa Kimakua, amekulia kwenye muhogo na mbaazi, sasa anakunywa maziwa ya mtindi na kuhubiri kwa Kisukuma cha kujifunza ukubwani. Lugha inamwendeaje? Nani aliyemfundisha? Tunasikia ni bibi kizee mmoja ambaye mpaka sasa hajakubali ubatizo, lakini kila jioni humsahihisha maneno. Sisi tungependa kumsikia huyo bibi akielezwa kwa saa nzima.

Na mkewe je? Katika mwaka wa pili aliugua, akaja hapa peke yake kutibiwa, akakaa miezi miwili. Yalisemwa maneno bombani, kwamba ameshindwa, kwamba amemkimbia mume porini. Wanaosema hivyo wasome Wafilipi 2:25-30. Epafrodito alitumwa na kanisa la Filipi kumhudumia Paulo. Akaugua karibu na kufa. Na Paulo alipomrudisha nyumbani aliandika waziwazi kwamba wampokee kwa furaha yote na kuwaheshimu watu wa namna hiyo. Kwa nini aliona haja ya kuandika? Bila shaka alijua kwamba mtu aliyetumwa akionekana amerudi kabla ya wakati, ndimi hazikosi. Binti yetu huyu alipopona alipanda lori la mizigo akarudi Liwale. Hakuna aliyemlazimisha.

Tena kuna mtoto. Mwana wao wa kwanza walimwacha hapa kwa bibi yake ili asome, maana kule shule ilikuwa mbali. Alikuwa mdogo wa kuanza darasa la kwanza, sasa yuko la nne. Wazazi amewaona mara chache, na mmoja mmoja. Sisi tumefundisha watoto wengi wa namna hii, wa askari, wa mabaharia, wa watumishi wa Kanisa, na tunajua jinsi mtoto anavyomsalimu baba yake kama anavyomsalimu mkaguzi wa shule: kwa adabu nyingi na macho chini. Hali hiyo haiondoki kwa siku moja. Inahitaji baba akae nyumbani, amtume mtoto maji, amkemee kidogo, watengeneze pamoja banda la kuku. Ikiwa kila siku ya wiki hizo sita tutamwita baba huyo mkutanoni na mama huyo kwenye kikundi, basi mtoto atatuona sisi, Kanisa la Mungu, kuwa ndio tuliomnyang'anya wazazi wake mara mbili.

Padre na wazee wa kanisa wamekubaliana nasi juu ya utaratibu ufuatao. Wiki ya kwanza yote hakuna mwaliko wowote, wala mtu asipite kuwasalimu zaidi ya kubisha hodi, kutoa pole ya safari na kuondoka. Wenye kuku, unga au mbaazi za kuwapa wamkabidhi mama mweka hazina wa Umoja wa Akina Mama, naye atapeleka jioni. Jumapili ya pili ya Majilio, baada ya Misa, hakuna atakayetoka. Kanisa litaketi. Atasema mwinjilisti, kisha atasema mkewe, pale pale mbele, kwa watu wote, wanaume kwa wanawake. Habari zake zisingoje Alhamisi ya akina mama peke yao. Prisila na Akila wametajwa katika Maandiko daima pamoja, na mara nyingine mke ndiye anayetangulia, kwa hiyo tusione ajabu. Hakutakuwa na saa ya kuwakatisha. Baada ya hapo tutauliza maswali, na yule mwenye swali la fedha naye aulize, bila kuona haya. Wajumbe wote wa Halmashauri wanaombwa wawepo. Siku hiyo mtoto atakaa benchi la mbele, katikati ya wazazi wake, hata kama mkuu wa kwaya atamtaka aimbe.

Limebaki jambo moja. Nyumba ya bibi ina vyumba viwili, na hivi sasa wanalala humo watu saba. Tunatafuta nyumba au hata chumba kimoja kikubwa, chenye mlango wa kufunga na kisicho karibu na barabara, ambako mwinjilisti, mkewe na watoto wao watalala wenyewe kwa wiki hizo sita. Mwenye nafasi amwone katibu wa mtaa kabla ya tarehe 20 Novemba. Vitanda viwili vimekwisha patikana; chandarua bado.